Viatu Havitoki Mutshatsha

Nyuma ya goli la magharibi, katika uwanja wa mpira wa Mutshatsha, pamesimama kichuguu kirefu kuliko nyumba niliyozaliwa. Katanga yote ina vichuguu vya namna hiyo, vya udongo mwekundu uliokauka ukawa kama tofali, hata ukisafiri siku mbili macho yanaacha kuviona. Hiki nilikiona kwa sababu kina ngazi. Zamani mtu alichonga vidato kwa jembe, waliokuja baadaye wakaongeza vyao, na sasa kichuguu ni jukwaa. Wazee hukaa juu kabisa, wanawake wa karanga katikati, watoto wananing'inia chini. Vijana hawana nafasi: kijana ambaye hayumo uwanjani anatakiwa asimame.

Mimi nilipelekwa juu. Nilidhani ni kwa heshima ya mvi zangu, mpaka mzee mmoja aliposogeza kigoda chake akaita, "Samatta, panda!"

Jina hilo nilipewa Kasumbalesa, mpakani nilipoingia Kongo, na nilikuwa nimeshalizoea. Mtanzania akivuka mpaka ule, hata awe na kitambi kama changu, huitwa Samatta. Mbwana Samatta alitoka Simba mwaka 2011 akajiunga na TP Mazembe ya Lubumbashi, akakaa mpaka Januari 2016, na mwaka 2015 alifunga mabao saba Mazembe ilipotwaa ubingwa wa Afrika. Thomas Ulimwengu alikuwa naye. Nyumbani tunamsimulia kwa Genk na Aston Villa. Huku wanamsimulia kama mtoto wa mtaa aliyehama. Kijana aliyenibadilishia fedha mpakani alinihesabia franka zangu huku akinikumbusha, bila kuulizwa, Aprili 2019: Simba ilikuja Lubumbashi, Okwi akafunga mechi ikiwa bado changa kabisa, kisha Mazembe wakapiga manne. Siku ile nilikuwa kwenye kibanda cha kuonyesha mpira Tabora, nimeruka kwa bao la Okwi mpaka nikamwagia soda mtu nisiyemjua. Nikamjibu kijana kwamba mwaka 2011 sisi tuliwaondoa mashindanoni, kwa sababu walimchezesha mtu asiyestahili.

"Mezani," akasema. "Na uwanjani je?"

Sikuwa na jibu. Tangu hapo safari ikawa nyepesi.

Nilikuwa nakwenda kumtembelea mdogo wangu wa kike. Ameolewa na mwalimu wa chuo kidogo cha Mutshatsha, na kwa miaka minne kila simu yake iliishia na swali lilelile: kaka, unakuja lini? Mei 2025 nikaishiwa visingizio. Mvua zilikuwa zimekatika, nyasi zinaanza kugeuka rangi ya simba, na usiku baridi ya nyanda za juu ilikuwa inapenya blanketi moja na kudai la pili.

Njiani, Kolwezi, nilikaa siku mbili. Aliyewahi kufika Geita au Mererani hashangai kuona shimo. Hapa kinachoshangaza ni kwamba shimo na mji vimekaa pamoja kama jirani waliogombana lakini hawana pa kuhamia. Wabelgiji wa Union Minière waliuweka mji huu mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya machimbo, na machimbo hayajawahi kuusahau. Katika mtaa wa Kasulo, mwaka 2014, mtu alichimba uani kwake akakuta madini ya kobalti. Muda si mrefu majirani wakawa wanachimba jikoni, barazani, chini ya vitanda. Baadaye sehemu ya mtaa ilihamishwa ikazungushiwa ukuta. Nilipita nje ya ukuta huo nikiwa na mwenyeji wangu, naye akaniambia kwa sauti ya mtu anayeonyesha shule aliyosoma, "Pale ilikuwa nyumba ya shangazi."

Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa hutoka ukanda huu. Lakini Mei ile vituo vya wanunuzi vilikuwa vimezubaa. Mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90,000. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 20,000, na Februari serikali ya Kinshasa ikasimamisha kuipeleka nje ili bei ipate nafuu. Niliyasikiliza hayo yote kama mtu anayesikiliza habari za hali ya hewa ya nchi nyingine. Sikujua kwamba nilikuwa nasimuliwa habari za mpira.

Mama mwenye nyumba ya wageni aliniuliza kabila. Nikamwambia Mnyamwezi wa Tabora. Akaweka sufuria chini.

"Basi weye njo Muyeke!"

Njo ni "ndiye" yao, nayo hutiwa kila mahali kama chumvi. Historia ikaandaliwa mezani pamoja na chai. Msiri, mtu wa kwetu, alifuata pembe na shaba huku katikati ya karne ya 19, akaweka makao Bunkeya, akatawala nchi ya Garenganze mpaka msafara wa Stairs ulipomuua tarehe 20 Desemba 1891. Watu wake, Bayeke, wapo hadi leo, na Bunkeya imo ndani ya mkoa huuhuu wa Lualaba. Misafara ya namna ile ni mojawapo ya njia zilizokifikisha Kiswahili huku. Kwa hiyo lugha niliyodhani naileta kwa madaha kutoka nyumbani ilikuwa imenitangulia zaidi ya miaka mia moja, ikaoga, ikala, ikabadilisha nguo. Wanasema batoto, bantu, bintu. Mtu wa Dar es Salaam angecheka. Mimi nilimsikia bibi yangu wa Urambo, ambaye hakuwahi kuiacha ile "ba" hata alipokuwa anasali Kiswahili.

Shemeji alikuja kunichukua. Ananiita "bofreri", neno la Kifaransa lililovuliwa viatu. Tulipotoka mjini kuelekea magharibi tulipishana na malori na mabasi ya Kamoa-Kakula, mgodi wa shaba ulioanza kuzalisha mwaka 2021, mabasi yaliyojaa kofia ngumu na vichwa vilivyosinzia. Karibu na kilima kimoja kisicho na mti hata mmoja akasimamisha gari, akanichumia vimaua vya zambarau. Miti haiupendi udongo wenye shaba nyingi, akaniambia, lakini kimea hiki kinauvumilia, na wazee walikifuata kujua pa kuchimba. Nikakitia kwenye daftari. Bado kimo, kimegeuka rangi ya chai.

Baada ya mgodi ni kimya. Msitu wa miombo, ule ule wa kwetu. Ningefumbwa macho na kufunguliwa ghafla ningesema niko kati ya Sikonge na Ipole. Mninga, mabonde ya nyasi yenye maji chini, vigunia vya mkaa vimesimama kando ya njia vikingoja mnunuzi. Vumbi jekundu liliingia hata ndani ya saa yangu.

Mutshatsha yenyewe ilinishtua kwa sababu niliijua. Mimi ni mtoto wa reli. Baba yangu alifanya kazi stesheni ya Tabora miaka ishirini na tisa, na huku nikakuta stesheni, nyumba za wafanyakazi wa reli zenye kuta nene, miembe iliyopandwa kwa mstari na watu waliopenda mistari. Reli hii iliunganishwa na ile ya Benguela mpakani mwa Angola mwaka 1931, ili shaba ya Katanga ifike bandari ya Lobito kwa njia ya mkato. Vita vya Angola viliikata kuanzia 1975. Baada ya vita, upande wa Angola ulijengwa upya na Wachina, na miaka hii ya karibuni shaba ya Kolwezi imeanza tena kushuka Atlantiki kwa njia hiyo. Desemba 2024 hata Joe Biden, rais wa Marekani wakati huo, alikwenda mwenyewe Lobito kuitazama. Kwa siku zote nilizokaa Mutshatsha sikuona treni ya abiria ikisimama. Ya mizigo ilipita. Kwetu Tabora stesheni ni mahali pa kupokea watu. Mdogo wangu alinielezea ya kwao kwa ufupi: "Kaka, hapa treni ni kitu cha kuhesabu."

Jioni ya kwanza alinipikia. Bukari, ndiyo ugali, wa mahindi yaliyochanganywa na muhogo, mzito wa kumvunja mtu kidole. Sombe, ndiyo kisamvu. Tomsoni, samaki wa barafu kama vibua vyetu, anayesafiri kutoka bahari asiyoijua yeyote mezani. Na sahani ya kitu cha kahawia kilichokatwa vipande kama keki: kikanda. Ni mizizi ya okidi ya porini iliyosagwa na karanga na pilipili ikapikwa mpaka ikashikana. Nilipokitafuna nikakumbuka mizigo inayokamatwa kila mara kwetu, mizizi inayochimbwa kwa siri Kitulo na Makete ikavushwa Tunduma. Miaka yote nilikuwa najiuliza ni nani anayeila. Sasa nilikuwa mimi, tena nikaomba ya pili.

Wakati wa kula, shemeji alinitajia timu. Chuo kina timu ya mpira, na tangu Septemba ina kocha mpya. Wa kwanza aliondoka kwenda kuendesha basi la mgodini. Mkuu wa chuo akauliza kikaoni nani anaujua mpira, na walimu wa kiume wakatazama viatu vyao, maana kazi haina mshahara. Mwalimu wa kemia akainua mkono. Baba yake, akasema, alikuwa golikipa wa timu ya reli enzi za KDL, kampuni ya reli ya zamani.

Mwalimu wa kemia ni mama wa miaka arobaini na kidogo. Mji mzima unamwita Mama Kochi, nami nitamwacha na jina hilo.

Nilimwona mara ya kwanza alfajiri, jua halijatoka, koti la michezo juu, kitenge chini, filimbi mdomoni na mvuke wa baridi ukimtoka pembeni ya filimbi. Wavulana walikuwa wanazunguka uwanja. Hakuwa anawatazama miguu. Alikuwa anahesabu, kidole kikigonga ubavu wa daftari.

"Leo iko kumi na tisa," akaniambia badala ya salamu, kisha akakumbuka adabu. "Jambo, baba. Karibu kwetu."

Daftari lile alinionyesha mapumzikoni, tumekaa kwenye ngazi ya kwanza ya kichuguu. Ukurasa wa kushoto umeandikwa majina, na alama kwa kila aliyefika. Mkuu yeyote wa timu anaweza kuwa na ukurasa huo. Wa kulia ndio ulionifanya nivae miwani. Kila wiki, mbele ya tarehe, aliandika kwa penseli bei ambayo wanunuzi wa Kolwezi walikuwa wanalipa kwa mfuko wa mawe ya kobalti. Wanafunzi wana kaka zao kule, wanapiga simu, habari zinafika kabla ya basi. Ni mwanakemia, amezoea kuweka vitu viwili pamoja na kungoja kuona vinafanya nini. Septemba wanane walifika mazoezini. Oktoba saba. Mechi moja ya Novemba walicheza kumi, mmoja wao bawabu wa chuo. Halafu Februari, Kinshasa ikafunga mlango, vituo vya ununuzi vikapunguza, na alama za kushoto zikaanza kujaza ukurasa: kumi na nne, kumi na saba, ishirini na mbili.

"Kobalti ikilala," akasema, "ekipe inaamka."

Alisema bila tabasamu. Nikamuuliza kama basi anaomba kobalti iendelee kulala. Akafunga daftari.

"Bwana yangu anafanya kazi mgodini, baba. Shiye tunakula ile kobalti."

Sijawahi kusikia kocha akieleza hivyo msimu wake. Kwetu makocha huzungumzia waamuzi, majeruhi, na siku hizi "falsafa". Huyu alijua kwamba mshambuliaji wake wa kushoto huuzwa na kununuliwa kila Ijumaa, na si na klabu. Wavulana hawa si wachimbaji wa kudumu. Wanakwenda wiki mbili, wiki tatu, wanarudi na ada, au na simu, au na kikohozi. Wengine hawarudi muhula huo. Mwalimu wa hesabu anamwona asiyekuja darasani kama mtoro. Mama Kochi alikwisha kujua kwamba yule mtoro ndiye anayemlipia dada yake ada.

Kwa hiyo mambo aliyobadilisha ni mawili tu, na hakuna hata moja la mbinu. Kwanza, mazoezi yalihamia alfajiri, kwa sababu jioni ndiyo saa ya magari ya kwenda Kolwezi, na kijana aliyechoka kwa mpira asubuhi huwa mzito kuparamia lori jioni. Pili, viatu. Kocha aliyemtangulia alivifungia stoo, jozi kumi na nne zilizochangwa na waliosoma hapo zamani. Yeye alivigawa, kila mtu akalale navyo kwake. Walimu wengine walimwambia vitauzwa.

"Kiatu kikilala stoo unakiona siku ya mechi," alinieleza. "Kikilala chini ya kitanda, kila asubuhi kinakuuliza." Na sharti likawa moja, analirudia kila mazoezi yanapoisha, nao wanalimalizia pamoja naye kama amina: ukienda, nenda, viatu havitoki Mutshatsha.

Nilimwuliza mzee wa kigoda walimpokeaje mwanamke. "Wiki ya kwanza tulicheka," akasema. "Ya pili tukachoka kucheka, tukabaki kuangalia." Kisha Novemba 2024 ikaja na msaada kutoka mbali: timu ya wanawake ya Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika kule Morocco, ikifundishwa na mwanamke, Lamia Boumehdi. Picha yake imo kwenye simu ya Mama Kochi, nyuma ya kioo kilichopasuka. Nilitaraji hotuba. Akasema tu, "Ule analipwa," akairudisha simu mfukoni.

Jumamosi wageni walitoka Kasaji, mji mwingine wa reli hiyohiyo, mbele zaidi kuelekea Angola. Zamani wangeshuka kwenye behewa na tarumbeta. Walishuka juu ya lori la muhogo, weupe kwa unga nusu, wekundu kwa vumbi nusu, wakaenda moja kwa moja kwenye bomba la maji kujigundua ni akina nani.

Kutoka juu ya kichuguu nikapewa elimu. Mzee wa kigoda alikuwa beki wa kushoto wa shule hapa mwaka 1977. Timu yao iliongoza, zimebaki mechi mbili. Machi 8 askari wa FNLC, Wakatanga waliokuwa uhamishoni, wakaingia kutoka Angola, na kabla mwezi haujaisha wakawa wameishika Mutshatsha. Mobutu akaomba msaada. Askari wapatao 1,500 wa Morocco wakaletwa kwa ndege za Kifaransa, na mwishoni mwa Aprili mji ukarudishwa. Vitabu vinaiita vita ya siku themanini. Mzee na mama yake walizimaliza mashambani, wakila muhogo mbichi. Mwaka uliofuata, Mei 1978, ikawa zamu ya Kolwezi, na huko walishuka askari wa Ufaransa kwa miavuli, dunia nzima ikaandika.

"Ya kwetu hawakuiandika sana," akasema, "lakini zile mechi mbili tunadai bado." Yeye, ukimuuliza, ni kiongozi wa ligi kwa mwaka wa arobaini na nane mfululizo.

Mchezo wenyewe haukuwa mzuri. Uwanja una mteremko kuelekea reli na timu inayocheza kipindi cha kwanza kwa kushuka hudhani ina kipaji. Beki mmoja wa chuo alipoupiga mpira kwa hofu mpaka ukapotea migombani, kichuguu kizima kikapiga kelele, "Mwepu!" Walikuwa wanamtaja Mwepu Ilunga, mtu wa Mazembe, aliyetoka ukutani akaupiga mpira wa adhabu wa Brazil kabla Wabrazil hawajaupiga, Kombe la Dunia 1974. Ulaya walimcheka miaka mingi. Hapa jina lake ni kitenzi.

Aliyenifanya nisogee mbele ya kigoda ni kijana wa pembeni kushoto, jezi namba kumi na moja iliyofifia mpaka mojawapo ya zile moja ikabaki kivuli. Mwembamba, mabega yamepanda juu kidogo, mkao niliouona kwa vijana wa Kolwezi wanaoshuka mashimoni. Alirudi Machi, shemeji akaninong'oneza. Hakuwa na mbio nyingi ila alijua kusimama. Beki akija naye anasimama, beki anapita kama basi lililokosa breki. Wageni walikuwa wameshafunga. Dakika chache kabla ya mapumziko Kumi na Moja alisimama mara mbili, akazungusha mpira kwa ndani ya mguu, ukagonga mwamba ukaingia. Watoto wakaporomoka kutoka kwenye kichuguu. Mama Kochi hakuruka. Nilimwona akigeuka kutazama upande wa barabara, ambako gari moja lilikuwa limesimama likipakia abiria wa Kolwezi, kisha akarudisha macho uwanjani.

Mapumziko akawapa machungwa. Nilijongea nisikie maelekezo. Aliuliza swali moja, akimzungukia kila mmoja: umekula nini tangu asubuhi?

Kipindi cha pili treni ikapita. Reli imekaa nyuma tu ya mstari wa pembeni, na mpira ukiingia chini ya mabehewa haurudi, kwa hiyo mwamuzi hupuliza na mchezo husimama. Timu mbili, jukwaa la kichuguu, wauza karanga, mama na kitoto mgongoni, wote wakageuka kutazama. Wachezaji walisimama mikono kiunoni kama wanaimbiwa wimbo wa taifa. Mabehewa yalikwenda taratibu kuelekea magharibi, na watoto wakahesabu kwa sauti, kwa Kifaransa. Mimi nilihesabu kwa Kiswahili nikapotea kwenye thelathini na kitu. Lilipopita la mwisho palibaki harufu ya dizeli na kimya kirefu kidogo kuliko ilivyotakiwa, kana kwamba watu wamesahau walikuwa wanafanya nini. Mwamuzi naye alikuwa amesahau mpira ulikuwa wa nani. Wakaanza kwa kudondosha.

Mechi ikaisha bao moja kwa moja. Hakuna aliyefurahi, hakuna aliyelia. Ilikuwa imebaki mechi moja, Jumamosi inayofuata, na hesabu za mzee wa kigoda zilisema wakishinda watakuwa wa pili. Jioni wageni wa Kasaji walilishwa kwenye ua wa chuo, bukari kwenye masinia, wapinzani wakichovya bakuli moja, wakipokezana jagi la munkoyo, kinywaji cha mahindi kilichochachuliwa kwa mizizi, kitamu-chachu, cha kumfanya mtu aseme zaidi ya alivyokusudia. Nahodha wao alimwuliza Kumi na Moja anatoka klabu gani. Alijibu kwa jina la mgodi, wote wakacheka, naye pia.

Nilimwuliza Mama Kochi, usiku ule, kama ameshaandika ya leo. Akasema bado, simu ya Kolwezi haijapigwa.

Jumatatu niliondoka kabla hakujapambazuka vizuri. Mdogo wangu alinifungia kikanda kwenye jani la mgomba, akanilaumu kwa kukaa siku chache, akanishika mkono dirishani kama tulivyokuwa tunafanya watoto stesheni ya Tabora, mpaka gari likasogea. Umande ulikuwa mzito, nyasi zimeinama. Kwenye njia panda ya kutokea mjini, pale penye magunia ya mkaa, dereva akapunguza mwendo: vijana wawili wamenyoosha mikono. Mmoja alikuwa Kumi na Moja. Ana begi la shule mgongoni, na juu ya kofia ya sufi amevaa tochi ya kichwani, imezimwa.

"Jambo, baba Samatta."

Nikamuuliza anakwenda wapi, swali la kijinga. Nikamuuliza Jumamosi je.

"Nitarudi."

"Si wamefunga kobalti?"

"Shaba hawakufunga," akasema, akapanda nyuma, mwenzake akamfuata.

Pembeni ya njia alibaki mtoto wa miaka kumi hivi, mdogo wake, aliyekuja kumsindikiza. Blanketi begani, kaptula, na miguuni viatu vya mpira vya timu, vikubwa kwake mara mbili, nyasi zikichungulia kwenye visigino alikojazia ili visitoke. Gari lilipoondoka alianza kukimbia nasi, njumu zikigonga mawe, ka-ka-ka, akipunga mkono na akijitazama miguu kwa zamu. Alitufuata mpaka karibu na daraja. Hapo kiatu cha kushoto kikamtoka. Akasimama, akageuka, akarudi kukifuata.